Mtamba Niliyemtoa Nikilia

Sikuwa nimepanga kumtoa mtamba. Nilikuwa nimepanga kutoa bahasha. Bahasha yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imefungwa vizuri, na maneno ya kusema nilikuwa nimeyakariri tangu Ijumaa nikifua nguo. Mtu aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi kama mimi hasimami mbele ya watu bila maandalizi. Lakini Jumapili ile nilisimama mbele ya kanisa letu, mume wangu nyuma yangu ameshika tumbo, nikafungua kinywa, na yaliyotoka humo hayakuwa yale niliyokariri.

Kwanza niseme nilikuwa mtoaji wa namna gani.

Nilikuwa mtoaji hodari. Hilo nalisema sasa bila kujisifu, ingawa wakati ule nililisema nikijisifu sana. Mshahara ukiingia, kabla sijanunua hata sukari, fungu la kumi lilikuwa limeshatumwa kanisani kwa simu. Bonasi ya majani chai ikija, vivyo hivyo. Pesa za maziwa, vivyo hivyo. Hata mayai niliyatolea zaka. Niliyapanga mezani kwa mstari na kulitenga la kumi. Siku moja hilo la kumi likatokea kuwa yai kubwa la ajabu, lile ambalo ukiliangalia tu unajua lina viini viwili, nami nikahesabu upya nikianzia upande wa pili.

Na nilifundisha. Kanisani kwetu, kanisa la mabati lililo kwenye mteremko ukitoka barabara ya Sotik, mimi ndiye niliyepewa darasa la utoaji kwa washirika wapya. Nilikuja na sahani ya maandazi kumi. Tisa nikayaweka upande huu, moja upande ule. "Haya ni yako," niliwaambia, "na hili ni la Mungu." Mzee mmoja aliyekuwa ameokoka juzijuzi akainua mkono akauliza, "Sasa Mwalimu, hilo la Mungu litaliwa na nani?" Nikamwambia huo ni mfano tu. Darasa lilipokwisha nililila mimi mwenyewe, kwa chai.

Moyoni, bila kulisema kwa sauti, niliamini kwamba mimi na Mungu tulikuwa na mapatano. Mimi nilitoa kwa wakati, Naye kwa upande Wake alizuia mvua ya mawe isipige chai yetu, akakinga viwele vya ng'ombe wetu visivimbe, akafungia ugonjwa nje ya mlango. Mvua ya mawe ilipoharibu shamba la jirani ikaruka letu, nilimpa jirani pole, lakini ndani yangu nilijua sababu.

Palikuwa na mtu mmoja aliyenisumbua katika mpango huu mzuri. Tulimwita mama wa omena. Alitoka kule ziwani na mumewe, aliyepata kazi ya moto wa kukaushia majani kwenye kiwanda cha chai, wakapanga nyumba hapo senta, kwenye maduka yetu. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wakubwa wa kukaushwa, na siku ya soko alienda nao Sotik. Kanisani alikaa safu ya waimbaji, na sauti yake ilianza wimbo kabla ya wengine na kumaliza baada ya wengine. Kutoa kwake hakukuwa na mpango wowote. Jumapili moja pesa, nyingine nyanya, nyingine hana kitu na anacheka tu. Siku moja alitia ndani ya kikapu cha sadaka omena waliofungwa kwenye gazeti. Kikapu kilinuka hadi katikati ya wiki, noti zikanuka, na mweka hazina akalalamika kwamba paka wake hamwachi. Nikasimama kwenye kamati nikapendekeza, kwa upole ambao kila mtu aliuelewa, kwamba wanaoleta vitu wawe wanaviweka nyuma, mlangoni.

Kisha kidole tumbo cha mume wangu kikapasuka.

Alikuwa ameficha maumivu, akisema ni gesi, akinywa dawa ya mizizi ya mamake. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, gambuti moja mguuni na nyingine mkononi, hawezi kuinama. Tukamkimbiza hospitali ya misheni kwa gari la jirani. Walimpasua siku hiyo hiyo, na daktari akaniambia tumefika wakati mbaya lakini si wakati wa kuchelewa kabisa. Usaha ulikuwa umesambaa tumboni. Tukakaa huko siku nyingi.

Nilikuwa nikikaa kwenye benchi nje ya wodi. Watu waliopita waliniona nimefumba macho, midomo ikicheza, na nadhani walifikiri huyu ni mama wa maombi. Hayakuwa maombi. Nilikuwa kama mteja aliyekuja ofisini na risiti zake zote. Nilimweleza Mungu, kwa heshima, kwamba lazima kuna kosa limefanyika kwenye faili yetu. Nilimkumbusha bonasi. Nilimkumbusha maziwa. Mayai niliyaruka.

Na nyumbani je? Watoto wetu ni wakubwa, wako mbali kikazi. Nilikuwa nimeondoka bila kufunga hata mlango wa jikoni. Ilikuwa msimu wa mvua, chai inachipua kama imetumwa, na chai isipochunwa kwa wakati inapanda juu ikawa kichaka. Ng'ombe wawili walikuwa wa kukamuliwa. Nilipopata chaji ya simu nikakuta mama wa omena ndiye amenipigia mara nyingi kuliko wote.

"Mwalimu, wewe kaa na mzee," akasema. "Hapa tuko."

"Mko nani?"

"Tuko tu. Mzee ameongea?"

"Ameomba uji."

"Asifiwe! Basi mpe uji, wacha mambo ya ng'ombe."

Nilikata simu nikiwa na wasiwasi zaidi. Mama wa omena na ng'ombe wangu! Nilimwona akilini akiwakamua huku akiimba. Niliona viwele vimeharibika, niliona chai imefika kifuani, nikaanza kupanga ni nani nitamwajiri na kwa pesa zipi.

Tulirudi kwa gari la kukodi, dereva akiendesha polepole kwa ajili ya mshono, mume wangu akiguna kila tuta. Tulipokunja kuingia kwetu nilichungulia dirishani nikajiandaa kuona kichaka. Chai ilikuwa imelala sawasawa kama meza iliyotandikwa. Ilikuwa imechunwa juzi. Nyasi chini ya miche zilikuwa zimeng'olewa. Kuni zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa chini ya mabati, jambo ambalo mume wangu alikuwa ameniahidi tangu mwaka uliopita.

Mama wa omena alitoka jikoni kwangu amevaa aproni yangu, anachechemea.

"Karibuni nyumbani," akasema, kana kwamba sisi ndio wageni. "Mzee, pole sana. Kaa hapa. Chai iko tayari."

"Mguu umepatwa na nini?"

"Ni ile ng'ombe yako ya pembe moja. Ilinipiga teke siku ya kwanza. Sasa Mwalimu, mimi kwetu nilikuwa nakamua? Mimi najua samaki. Samaki haina miguu."

"Na ukaendelea kumkamua?"

"Sasa ningewacha ilale na maziwa? Siku ya pili nikavaa gambuti ya bwanangu, nikaambia hiyo ng'ombe, piga sasa."

Mume wangu alianza kucheka, akakunja uso, akashika tumbo.

Nikauliza ni nani waliochuna chai. Walikuwa wanawake wa kanisa letu, waliokuja jioni baada ya kumaliza mashamba yao wenyewe, na yule mzee wa swali la andazi, ambaye alibeba majani kwa baiskeli hadi kituo cha kupimia chai. Kila kilo walikuwa wameipima kwa namba yetu ya mkulima. Maziwa walikuwa wameyapeleka kwa jina letu. Nikafungua mkoba wangu.

"Niambie nani nimlipe, na kila mmoja kiasi gani."

Mama wa omena aliniangalia kama nimetukana.

"Mwalimu, funga hiyo mkoba. Ukilipa unatuharibia."

"Nawaharibia nini?"

Akafikiri. "Utamu," akasema, akarudi jikoni kuchukua vikombe.

Siku zile sikuwa na raha. Maisha yangu yote nilikuwa mtu ambaye hakuna anayeweza kumnyooshea kidole kwamba alichukua kitu bila kukirudisha. Mtu akiniletea viazi kwa ndoo, ndoo ilirudi na mahindi. Sasa nilikuwa nimezungukwa na kuni zilizopasuliwa na watu wasiotaka kitu. Kila nilipotia kuni jikoni nilijiona mdogo. Niliamua kutatua jambo hili kwa njia niliyoizoea: shukrani rasmi, mbele ya kanisa, na bahasha nene.

Hotuba ilikuwa na vichwa vitatu, kama somo. Cha kwanza, shukrani kwa madaktari na wauguzi. Cha pili, faida ya uaminifu katika utoaji. Cha tatu, himizo kwa vijana. Cha kwanza nilikimaliza vizuri. Nikavuta pumzi kuingia cha pili, ambapo nilikuwa nieleze kwa unyenyekevu namna Mungu alivyokumbuka uaminifu wangu, na hapo ndipo nilipoinua macho. Mama wa omena alikuwa kwenye safu ya waimbaji, mguu wake mbaya ameunyoosha juu ya kiti cha jirani, akinitazama kwa tabasamu, akingoja niendelee.

Kichwa cha pili kikayeyuka. Nilikitafuta, hakipo. Badala yake nikaanza kulia, tena si kile kilio cha kanisani cha kufuta jicho kwa ncha ya leso. Nililia kwa pua.

"Sikulipia," nikasema. "Mume wangu yuko hapa, na sikulipia. Chai imechunwa. Kuni... Hakuna kitu hapa nilichokilipia."

Kama ningeishia hapo, pengine ningekuwa nimesema vya kutosha. Lakini moyo ulikuwa umejaa hadi ukatafuta pa kumwagikia, nikasikia sauti yangu ikisema, "Namtoa mtamba wangu kwa Bwana."

Vigelegele! Mama wa omena alianzisha wimbo, watu wakasimama, ngoma ikapigwa. Katikati ya kelele hizo mume wangu aliinama sikioni mwangu.

"Mtamba? Yule wetu?"

"Kwani tuna mwingine?" nikamwambia, bado nalia.

Mtamba huyo alikuwa binti wa ng'ombe wetu bora, mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni, na ana mimba ya mbegu tuliyoagiza kwa kuchagua. Nilikuwa nakaribia kustaafu, na nilikuwa nimeshapanga kwamba maziwa yake yatakuwa pensheni yangu ya pili. Nilimlisha majani ya viazi vitamu kwa mkono. Aliponisikia nikifungua lango aliinua kichwa. Na bahasha? Nilirudi nayo nyumbani. Katika vurugu ile nilisahau kuitoa.

Tulipokuwa tunapanda mlima kuelekea kwetu, kilio kilikuwa kimekauka na akili imerudi. "Kwa nini hukunivuta nguo?" nikamuuliza mume wangu.

"Ningekuvuta ukiwa unaongea na Mungu?"

"Nilikuwa naongea na kanisa!"

"Mimi nilidhani ni kuku," akasema. "Ulipoanza kusema 'namtoa', nikasema moyoni, sawa, ni yule jogoo." Akaketi kando ya barabara, akacheka huku ameshika ubavu. "Tafadhali, usinichekeshe, mshono utafunguka."

Katikati ya wiki nikamwendea mchungaji. Ni kijana, angeweza kuwa mmoja wa wanafunzi wangu, na nilimkuta kwenye bustani yake ya kabeji, suruali ameikunja. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba neno la Jumapili lilihitaji ufafanuzi. Nikasema huenda ingefaa kutoa thamani ya mtamba kidogokidogo. Nikasema pia kwamba tuna ng'ombe mwingine, mwenye uzoefu, ambaye kwa maoni yangu angefaa kanisa zaidi.

"Wa pembe moja?" mchungaji akauliza. "Yule anayepiga watu teke?"

Habari zilikuwa zimeenea.

Akafuta mikono kwenye suruali. "Mwalimu, mtamba ni wako. Ukimleta tutafurahi sana. Usipomleta, Jumapili utakuja na tutakusalimia vile vile. Mungu hakukurudishia mume kwa mkopo."

"Kwa hiyo nisimlete?"

"Sijasema usimlete."

"Kwa hiyo nimlete?"

"Chukua kabeji," akasema, akanikatia mbili.

Niliondoka nimekasirika. Nilikuwa nimekuja na hoja zote za kupigana, na mtu amenipa kabeji. Nikangoja wazee wa kanisa waje kudai, ili nipate mtu wa kumlalamikia. Hawakuja. Nilikutana nao kituoni tukipima majani, wakaongea habari za mvua na bonasi. Mmoja alimwona mtamba wangu kwenye malisho, akasema, "Anaendelea vizuri," akapita. Jumapili nilienda kanisani nimekaza uso tayari kwa lolote, nikasalimiwa kama kawaida. Nikaanza kuwachukia kidogo. Watu gani hawa wanaopewa ng'ombe mbele ya kila mtu halafu hawamdai!

Jumamosi moja niliamua angalau kumshukuru mama wa omena ipasavyo. Nikajaza kibuyu kwa mursik, yale maziwa yetu ya kulala yenye mkaa, nikampelekea senta. Alikuwa anapepeta omena kwenye ungo mbele ya chumba chake. Alionja mursik, akafumba jicho moja, akasema ni tamu, na mpaka leo sijui kama alisema kweli. Kisha, kabla sijakaa vizuri, akanifungia omena kwenye gazeti, wengi kuliko nilivyostahili. Nikaona ajabu: nimekuja kupunguza mzigo, narudi nao umeongezeka.

Gazeti lile lilinipa ujasiri. "Ile siku ya kikapu," nikamuuliza, "ulitia omena kwa nini?"

Akacheka. "Mwalimu, ile ya kwanza sikuwa na pesa, na nilikuwa nimeuza vizuri wiki hiyo yote, pesa ikaenda karo. Nikasema siwezi nikakuja mkono mtupu na nimefurahi hivi. Nikachota."

"Ile ya kwanza? Kulikuwa na ya pili?"

"Ya pili nilisikia umesema mambo kwa kamati. Nikaleta mingi zaidi, ndio inuke mpaka kwako."

Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Tulicheka mpaka jirani yake akatoka nje kuona kuna nini. Alipotulia akaniuliza, "Na ile mtamba, unaionea uchungu?"

"Sana."

"Basi kaa nayo. Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi nataka kumtoa," nikasema, na nilipolisikia lile neno likitoka nilishangaa, maana safari hii sikuwa nalia, hakuna ngoma, na mbele yangu kulikuwa na ungo wa omena tu. Nilitafuta sababu ya kumpa. Mwalimu lazima awe na sababu. Nilipata moja tu: nilikuwa nimefurahi. Mume wangu yuko hai, anaudhi, anaacha gambuti zake mlangoni.

Jumapili iliyofuata tuliondoka nyumbani mapema, mimi nimeshika kamba, mume wangu nyuma na kifungu cha nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, cha kumbembeleza mtamba. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya buluu ya harusi za watu na viatu vya kisigino kidogo. Nilitaka tuingie uwanja wa kanisa kwa utaratibu, wimbo wa kwanza ukiimbwa. Hapo nakiri nilikuwa nimeshaiona picha hiyo kichwani: mimi, kamba, mtamba, vigelegele.

Mtamba hakuwa ameiona. Tulipofika kwenye mteremko pikipiki ya boda boda ikapiga honi nyuma yetu, naye akaruka mtaro akaingia kwenye chai ya watu. Sikuachilia kamba. Ningeachilia ningebaki safi. Alinivuta katikati ya mistari ya chai, nikapoteza kiatu kimoja, kisha tukatokea upande wa pili ambapo mvua ya jana ilikuwa imekusanya tope, yeye akasimama ghafla, mimi nikaendelea.

Nilikaa kwenye tope lile jekundu hadi kiunoni. Mwenye pikipiki alisimama. "Mwalimu! Mnaenda mnadani?"

"Tunaenda kanisani!" nikapiga kelele.

Mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, nepia kwenye mapaja, machozi yakimtiririka. Mtamba akashuka taratibu, akachukua nepia mapajani mwake, akatafuna. Nami nikaanza kucheka. Nilicheka hadi nikashindwa kuinuka. Sijui watu wengine furaha ya kutoa huwafikia wakiwa wapi. Mimi ilinikuta hapo, kiatu kimoja, tope masikioni, nikiwa nimechelewa ibada, nikipeleka kwa Bwana ng'ombe ambaye hakuna aliyekuwa ametuma mtu kuja kumchukua.

Tulifika mahubiri yakiendelea. Tukamfunga kwenye ua, naye akala maua ya akina mama hadi mashinani. Wakati wa maombi ya kimya alilia kwa sauti ndefu, na mchungaji akasema amina.

Baada ya ibada wazee wakakusanyika nje kuamua cha kufanya. Mmoja akasema apigwe mnada. Kabla hajamaliza sentensi, mume wangu alikuwa ameshainua mkono kutaja bei, nikaushusha. Mwingine akasema kanisa limfuge, maziwa yawe ya chai baada ya ibada, na yanayobaki yapelekwe kwa nyumba yoyote yenye mgonjwa. Wote wakakubali kwamba ni jambo zuri. Kisha wakakumbuka kwamba kanisa halina zizi. Halina hata nyasi. Wakaangaliana, halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaniangalia mimi.

"Mwalimu," mkubwa wao akaanza kwa upole mwingi, "tungekuomba..."

Kwa hiyo nilirudi nyumbani kwa njia ile ile, na kamba ile ile, na ng'ombe yule yule ambaye sasa hakuwa wangu. Nilimfungulia zizi lile lile. Nilimkatia nepia, nyasi za kwangu, kwa mgongo wangu. Mume wangu alisema hajawahi kuona mtu akitoa kitu kikamrudia kikiwa na kazi zaidi.

Alizaa baada ya mvua ndefu kuisha, alfajiri, ndama dume. Mimi niliyekuwa nimeomba jike miezi yote niliruka kwa furaha kama msichana, na watu wa kwanza kupigiwa simu walikuwa wazee wa kanisa, si watoto wangu, jambo ambalo binti yangu bado analisema. Maziwa yakaja mengi. Fungu la kumi bado nalituma siku ile ile pesa inapoingia, maana tabia ya mwalimu haiishi. Lakini sijakaa tena na risiti mbele za Mungu. Nikijaribu kuanza, nacheka.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Jumapili ya hivi karibuni alikuja mgeni, mama mmoja kutoka Bomet, akaonja chai yetu pale nje, akasema hajanywa chai nzito kama hiyo kwa muda. "Maziwa haya ni ya nani?" akauliza.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaweka leso sawa. Nikaandaa uso, ule wa kusema si kitu, ni neema tu, na nikangoja mtu anitaje.

"Ni ya ng'ombe ya kanisa," mama wa omena akamjibu, akampa andazi.

Na ikaishia hapo. Mgeni akakubali, akanywa. Mimi nikabaki na uso wangu niliouandaa, sina pa kuupeleka. Iliniuma kidogo, sitadanganya, kama pale mtu anapokukanyaga kidole na kuendelea na safari yake. Kisha mtu akanyoosha kikombe, nikammiminia, na mwingine nyuma yake, na mwingine. Watu walikuwa wengi siku hiyo kwa sababu kulikuwa na ubatizo, na kabla ya nusu kupata, birika likawa tupu na kitako cha sufuria kikaonekana.

Niligeuka kumwambia mume wangu akimbie nyumbani alete maziwa ya yule wa pembe moja, ambayo ni yetu. Hakuwepo. Alikuwa ameondoka mapema, hakuuliza mtu. Nilimwona anashuka mteremko, jagi kila mkono, akitembea haraka kama mtu asiyewahi kupasuliwa, na maziwa yakiruka ukingoni na kumlowesha suruali yake ya Jumapili.